Mkimbiaji namba moja akitoka: mzigo apewe mmoja, ugawanywe, au mchezo ubadilishwe?

Timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Georgia ilimpoteza mkimbiaji wake namba moja mara mbili katika misimu miwili iliyofuatana. Mwaka 2014 alitoka Todd Gurley, na timu ikaendelea kufunga kana kwamba hakuna aliyetoka. Mwaka 2015 akatoka Nick Chubb, yuleyule aliyekuwa amemrithi Gurley. Safari hii mashambulizi yakakauka, na Novemba hiyohiyo kocha mkuu Mark Richt, akiwa kwenye msimu wake wa 15 chuoni pale, akaachishwa kazi siku moja baada ya mechi ya mwisho ya ratiba ya kawaida. Chuo kilekile, kocha yuleyule, na warithi wote wawili wamekuja kuchaguliwa mapema na timu za NFL, ligi ya kulipwa. Sasa kwa nini pigo moja lilipita kimya na jingine likaumiza?

Mashabiki wakimpoteza mkimbiaji huuliza kwanza, "Nani anaingia?" Kwangu hilo ni swali la pili. La kwanza ni kwamba huyu aliyetoka alikuwa anaziba matundu gani. Mkimbiaji hodari huficha mengi: kotabeki (mrushaji wa mpira) wa wastani, kocha asiye na mpango wa pili, timu isiyojua kupata yadi moja siku inapoihitaji. Hapa nimeweka sambamba misimu minne na njia tatu ambazo makocha hushika, ili timu yako ikipatwa na haya ujue la kuombea.

Kama umezoea soka tu, yakutoshe haya. Katika futiboli ya Kimarekani timu hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Kotabeki anaweza kuurusha kwa mdakaji, au kumkabidhi mkimbiaji anayesimama nyuma yake apenye katikati ya watu wa kilo 130 na kuzidi. Lakini kubeba mpira ni nusu tu ya kazi yake. Mpira unaporushwa, mkimbiaji hubaki nyuma kumkinga kotabeki na mlinzi anayevamia. Kazi hiyo haionekani kwenye takwimu, na ndiyo inayowaweka benchi vijana wengi wa mwaka wa kwanza ambao kwa kasi wanawapita wakubwa wao. Tena mkimbiaji ni chambo. Walinzi wakimwogopa husogea mbele. Kotabeki anajifanya kumpa mpira, kisha anaurusha nyuma ya migongo yao. Hofu ile ikiondoka, mdakaji aliyekuwa akiachwa peke yake anaanza kukabwa na wawili.

Kuna jambo jingine linaloitenga timu ya chuo na timu ya kulipwa. NFL wakipata majeruhi Jumapili, Jumanne wameshasajili mtu. Chuo hakina usajili katikati ya msimu. Mrithi wako ni kijana uliyemshawishi akiwa bado sekondari, au uliyempata kwenye uhamisho kabla ya msimu kuanza. Kama ulizembea wakati ule, Oktoba hakuna wa kumlilia.

Sasa takwimu. Ni wastani wa pointi kwa mechi, nimezijumlisha kutoka kwenye matokeo yenyewe.

| Timu na msimu | Aliyetoka | Akiwepo | Asipokuwepo | Ushindi bila yeye |
|---|---|---|---|---|
| South Carolina 2011 | Marcus Lattimore, goti | 32.4 (mechi 7) | 27.3 | 5 kati ya 6 |
| Georgia 2014 | Todd Gurley, kufungiwa | 45.0 (mechi 5) | 40.5 | 3 kati ya 4 |
| Georgia 2015 | Nick Chubb, goti | 38.4 (mechi 5) | 17.0 | 6 kati ya 7 |
| Michigan 2022 | Blake Corum, goti | 39.4 (mechi 11) | 44.3 | 2 kati ya 3 |

Kwa Georgia 2014 nimehesabu zile mechi nne za adhabu pekee. Kwa 2015 nimeiacha nje mechi ambayo Chubb aliumia. Kwa Michigan, mechi ya Ohio State nimeiweka upande wa "asipokuwepo" ingawa Corum alijaribu kubeba mpira mara mbili kabla ya kukaa. Na usiziabudu namba hizi: ratiba hazifanani. Georgia 2014 walipata 66 dhidi ya Troy wakiwa na Gurley na 63 dhidi ya Kentucky wakiwa bila yeye, na mechi moja ya namna hiyo inatosha kuvuruga wastani wote.

Hata hivyo zitazame mara mbili. Georgia 2015 pointi ziliporomoka kuliko kwa mwingine yeyote kwenye jedwali, na bado walishinda mechi sita kati ya saba. Michigan pointi zilipanda, na ndio waliopoteza mechi kubwa kuliko zote. Kwa hiyo anayekuambia "bila yule hatushindi" anakosea, na anayekuambia "mkimbiaji ni yeyote tu" naye anakosea.

Mzigo wote kwa mmoja: Georgia 2014

Gurley aliuanza msimu ule kama aliyetumwa. Dhidi ya Clemson alikimbia yadi 198 kwa kubeba mpira mara 15 tu, akafunga tachidauni tatu (yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani), na ya nne akaipata kwa kuurudisha mpira yadi 100 baada ya mkwaju wa wapinzani. Tarehe 9 Oktoba chuo kikamsimamisha. Alikuwa amepokea zaidi ya dola 3,000 kwa kusaini vitu vya mashabiki, na kanuni za wakati huo za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, zilikataza. Adhabu ikawa mechi nne. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kuingiza fedha kwa jina na sura zao, kwa hiyo alichofanya Gurley leo ni biashara halali. Ukiniuliza, kosa lilikuwa la kanuni kuliko la kijana.

Richt hakuwa na pa kuchagulia. Sony Michel alikuwa majeruhi, Keith Marshall naye majeruhi. Alibaki Chubb, mwaka wa kwanza chuoni, na siku mbili baada ya Gurley kusimamishwa akabeba mpira mara 38 ugenini kwa Missouri. Thelathini na nane! Mkimbiaji akifikisha 20 husemwa amefanya kazi ya siku. Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, na Chubb akaubeba: yadi 143, Georgia 34, Missouri 0. Wiki iliyofuata alikimbia yadi 202 dhidi ya Arkansas. Kisha 156 dhidi ya Florida na 170 dhidi ya Kentucky, hizi za mwisho kwa kubeba mara 13 tu. Mechi pekee waliyopoteza kati ya zile nne ni ya Florida, 38-20, na siku hiyo Florida wenyewe walikimbia yadi 418. Hapo hata angekuwepo Gurley asingesaidia kitu. Mkimbiaji hachezi ulinzi.

Njia hii ilifaulu kwa sababu tatu, na ni moja tu inayomhusu Chubb mwenyewe. Alikuwa wa aina ileile ya Gurley: mzito, anayepenya katikati, anayeongeza yadi mbili baada ya kuguswa. Kocha wa mashambulizi, Mike Bobo, hakulazimika kubadili hata ukurasa mmoja wa mpango wake. Sababu ya pili ni Hutson Mason, kotabeki wa mwaka wa mwisho, asiye na mkono wa kutisha lakini asiyegawa mpira kwa wapinzani. Msimu mzima alirusha pasi 21 za tachidauni na zilizonaswa zilikuwa 4. Ya tatu ilikuwa pale mbele, ambapo David Andrews, nahodha aliyekuja kucheza miaka mingi New England katika NFL, ndiye aliyesimama katikati ya safu ya wazuiaji na kuipanga. Chubb aliingia kwenye nyumba iliyokwisha kujengwa.

Gurley alirudi tarehe 15 Novemba dhidi ya Auburn, akakimbia yadi 138, na katika mechi hiyohiyo kano ya ACL ya goti la kushoto ikachanika. Ukatili mtupu. Chubb akaendelea, akamaliza msimu na yadi 1,547, zikiwemo 266 katika mechi ya mwisho dhidi ya Louisville.

Ubaya wa njia hii haukuonekana mwaka ule kwa sababu bahati ilikuwa upande wao. Kama Chubb angeteguka kifundo pale Missouri katika mara ya 20, nyuma yake hakukuwa na mtu wa kiwango chake. Kocha anayeichagua anaweka mayai yote kwenye mguu mmoja wa kijana wa miaka 18.

Jina kubwa, nyumba isiyo na nguzo: Georgia 2015

Tarehe 10 Oktoba 2015, Knoxville, nyumbani kwa Tennessee, mchezo wa kwanza kabisa wa Georgia wakiwa na mpira: Chubb akakabwa karibu na mstari wa pembeni na goti la kushoto likaachia. Alikuwa amekimbia yadi 747 msimu huo, wastani wa yadi 8.1 kila alipobeba, na alikuwa na mfululizo wa mechi 13 za yadi 100 au zaidi, sawa na rekodi ya Herschel Walker chuoni hapo.

Aliyeingia si mtu wa kuokoteza. Sony Michel alikuja kuchaguliwa wa 31 katika drafti ya NFL ya 2018 (siku timu zinapopokezana kuchagua wachezaji wapya), nafasi nne mbele ya Chubb mwenyewe. Siku ileile ya Knoxville alivuka yadi 100, na msimu akaumaliza na zaidi ya 1,100. Ukiangalia mkimbiaji peke yake, pengo halionekani.

Mechi ile Georgia waliongoza 24-3 na wakapoteza 38-31. Joshua Dobbs wa Tennessee alirusha zaidi ya yadi 300 na kukimbia zaidi ya 100. Wiki iliyofuata waliwashinda Missouri 9-6 bila kufunga tachidauni hata moja, mikwaju mitatu tu ya pointi 3. Halafu ikaja Florida mjini Jacksonville. Kwa kukata tamaa na kotabeki wao, Greyson Lambert, makocha wakamwanzisha kotabeki wa tatu, Faton Bauta, ambaye hakuwahi kuanza mechi. Pasi nne zikanaswa. Florida 27, Georgia 3.

Hapo ndipo unaona Chubb alikuwa akificha nini. Bobo alikuwa ameondoka kwenda Colorado State, na mashambulizi yalikuwa mikononi mwa Brian Schottenheimer, mgeni chuoni hapo. Mason alikuwa amehitimu. Andrews alikuwa ameshaondoka. Ugonjwa ulikuwepo tangu awali: wiki moja kabla ya goti la Chubb, Alabama waliwachapa nyumbani kwao 38-10, na Chubb akiwa mzima. Pointi saba kati ya zile 10 zilitokana na mbio yake moja ya yadi 83, mechi ikiwa imeshakwisha. Mtu mmoja alikuwa akifunika shimo, na shimo halikuanza siku alipoondoka.

Bado, walishinda sita kati ya saba zilizofuata. Ulinzi wao uliruhusu wastani wa pointi 12.9 katika mechi hizo, na 20-13, 13-7 na nyinginezo za kubana zikawa ushindi. Ukiangalia rekodi, 2014 ni 10-3 na 2015 ni 10-3. Mtu asiyetazama mechi angesema hakuna kilichotokea. Ila mashabiki walijua: mechi mbili zilizobeba matumaini ya ubingwa wa upande wao wa SEC, ligi yao ya vyuo, Tennessee na Florida, zilikuwa zimekwenda ndani ya wiki tatu.

Gawanya, na ulinzi ushinde: South Carolina 2011

Alichofanya Steve Spurrier, kocha wa South Carolina, ndicho Georgia 2015 walikiangukia bila kupanga. Tofauti ni kwamba yeye alikipanga.

Marcus Lattimore ndiye aliyekuwa mashambulizi yenyewe: yadi 818 katika mechi saba, hadi goti lake la kushoto lilipoumia vibaya dhidi ya Mississippi State tarehe 15 Oktoba. Wiki hiyohiyo timu ilikuwa imemwondoa kotabeki wake mzoefu, Stephen Garcia, na nafasi kumwachia Connor Shaw wa mwaka wa pili. Kocha mwingine angechanganyikiwa. Spurrier, aliyejipatia jina Florida kwa kurusha mpira kila upande, akafunga breki. Akampa Brandon Wilds wa mwaka wa kwanza sehemu kubwa ya mzigo na Kenny Miles sehemu nyingine, na kilichobaki akakiacha kwa miguu ya Shaw. Kotabeki anayekimbia ana faida moja ambayo mkimbiaji hana: anapobeba mwenyewe, mkimbiaji anakuwa huru kuzuia, na walinzi wanapungukiwa na mtu mmoja kwenye hesabu.

Matokeo hayakupendeza macho: 14-3 dhidi ya Tennessee, 17-12 dhidi ya Florida. Arkansas waliwapiga 44-28, na hiyo inakuonyesha mwisho wa njia hii. Mpinzani akifika pointi 35, huna mbio za kumfukuza. Lakini Novemba ilipokwisha walikuwa wamewapiga Clemson 34-13, kisha wakawashinda Nebraska 30-13 na kufikisha ushindi wa 11, mara ya kwanza katika historia ya chuo hicho. Waliokuwa upande wa ulinzi ni Melvin Ingram, Stephon Gilmore na Jadeveon Clowney aliyekuwa mwaka wa kwanza. Ukiwa na watatu hao, hata wewe ungeweza kucheza taratibu.

Mwaka uliofuata Lattimore alipona, akarudi, na tarehe 27 Oktoba 2012 goti la pili likaharibika vibaya zaidi dhidi ya Tennessee. Timu ilishinda mechi zote nne zilizofuata na ikamaliza tena 11-2. Lattimore mwenyewe alichaguliwa na San Francisco mwaka 2013 na akastaafu mwaka uliofuata bila kucheza mechi hata moja ya NFL. Nalitaja kwa sababu tunapozungumza kuhusu "kuathirika kwa timu" tunamzungumzia mtu ambaye mara nyingi ameathirika kuliko timu.

Badilisha aina: Michigan 2022

Blake Corum alikuwa mfupi, mpana, na hodari wa yadi ndogo. Ukihitaji yadi mbili, anapata tatu. Alikuwa na yadi 1,457 na tachidauni 18 za kukimbia alipoumia goti dhidi ya Illinois tarehe 19 Novemba. Siku hiyo mrithi wake, Donovan Edwards, naye alikuwa nje, na tukapata kuona Michigan isiyo na yeyote kati yao: tachidauni ya Corum mapema, kisha mikwaju minne ya Jake Moody, wa mwisho zikiwa zimebaki sekunde 9. Walishinda 19-17, na katika safari ile ya mwisho aliyedaka mpira kwenye jaribio la nne alikuwa Isaiah Gash, mkimbiaji ambaye mashabiki wengi hata jina lake hawakuwa wamelizoea.

Wiki moja baadaye Edwards alirudi, mkono mmoja ukiwa na plasta, na Ohio State hawakujua kilichowapata. Yadi 216, zikiwemo mbio za yadi 75 na 85 katika robo ya mwisho. Michigan 45, Ohio State 23. Kwenye fainali ya Big Ten, ligi yao ya vyuo, dhidi ya Purdue akaongeza 185. Edwards hafanani na Corum hata kidogo. Ni mtu wa kasi, ukimpa upenyo hakamatiki. Na upenyo ulikuwepo, kwa kuwa safu ya mbele ya Michigan ilishinda tuzo ya Joe Moore, ya safu bora nchini, mwaka 2021 na tena 2022. Walinzi waliokuwa wamejaa mbele kwa mazoea ya kumsubiri Corum walijikuta wakifukuza mgongo.

Hapo ndipo pointi zilipopanda. Kisha ikaja nusu fainali dhidi ya TCU, mkesha wa mwaka mpya, Arizona. Mchezo wa kwanza Edwards akakimbia yadi 54. Dakika chache baadaye Michigan wako karibu kabisa na mstari, jaribio la nne, na badala ya kumpa mtu mpira apenye wakajaribu hila, ikafeli. Pointi sifuri. Robo ya pili wakafika tena, safari hii nusu yadi tu imebaki. Mpira akapewa Kalel Mullings, aliyekuwa amehamishwa kutoka ulinzi msimu uleule. Makabidhiano yakaharibika, mpira ukadondoka, TCU wakauchukua. Mechi iliisha 51-45.

Ni kweli kotabeki J.J. McCarthy alirusha pasi mbili ambazo TCU walizinasa na kuzipeleka hadi mwisho, na ulinzi uliruhusu 51. Siyo haki kuutupia mzigo wote kwenye nusu yadi. Lakini safari mbili hadi mlangoni bila pointi hata moja, katika mechi ya tofauti ya pointi sita, ndilo tundu alilokuwa akiliziba Corum. Mwaka uliofuata alirudi, akafunga tachidauni 27 za kukimbia, rekodi ya chuo, na Michigan wakatwaa ubingwa wa taifa bila kupoteza mechi.

Ipi uichague

Kama mtu wako wa pili anafanana na wa kwanza, na kotabeki ni mtulivu, na safu ya mbele haijaguswa, njia ya Georgia 2014 ndiyo rahisi kuliko zote: mpe mmoja, usiguse mpango. Inapungua thamani kila wiki inayopita. Kwa mechi nne naichagua bila kusita. Kwa mechi tisa ningeogopa.

Kama ulinzi wako ni bora kuliko mashambulizi, njia ya Spurrier. Mashabiki watalalamika kwamba mpira unachosha. Waache walalamike. Sharti lake ni kotabeki mwenye miguu, maana asiye na miguu wala mkono wa uhakika anakurudisha kwenye Georgia 2015, ambapo unashinda 9-6 na kila mtu anatoka uwanjani ana hasira.

Njia ya Michigan ndiyo yenye kilele kirefu zaidi, na ndiyo ninayoihofia zaidi. Ukiwa na safu bora na mtu wa kasi, unaweza kufunga hata zaidi ya zamani. Ila unapaswa kumtafuta mapema mtu wa yadi moja, tena katika mazoezi ya Jumanne, si ndani ya nusu fainali.

Wakati nao una uzito wake. Kumpoteza mtu Agosti kunauma lakini kunakupa mwezi wa kupanga upya. Kumpoteza Novemba kunakuacha na mpango uleule na mtu mwingine. Desemba, mkimbiaji anapoamua kutocheza mechi ya mwisho ili alinde goti lake kwa ajili ya drafti, madhara huwa madogo kuliko kelele: Leonard Fournette na Christian McCaffrey walikaa nje mwishoni mwa 2016, na LSU na Stanford wote walishinda, LSU 29-9 huku Derrius Guice akikimbia yadi 138. Katika hali hiyo sina wasiwasi kabisa, kwa sababu mrithi amepata wiki kadhaa za kujiandaa na mpinzani naye mara nyingi ana pengo lake.

Texas 2024 ni mfano wa Agosti. CJ Baxter, aliyetarajiwa kuwa namba moja, aliumia goti kambini kabla msimu haujaanza. Quintrevion Wisner akachukua nafasi, akakimbia yadi 1,064, na Texas wakafika nusu fainali ya taifa. Kwa hesabu ya kawaida ni mafanikio makubwa. Tarehe 10 Januari 2025, dhidi ya Ohio State, wakiwa nyuma 21-14, walifika yadi 1. Jaribio la kwanza halikusogea. La pili wakamrushia Wisner mpira pembeni, mwanariadha mwepesi akimbie upande, na akarudishwa nyuma yadi 7. La tatu pasi haikudakwa. La nne Jack Sawyer wa Ohio State akamvamia kotabeki, mpira ukamtoka, akauokota na kukimbia yadi 83 hadi upande wa pili. Mechi 28-14.

Wisner hakuwa na kosa. Alipewa kazi ya mtu mwingine. Aliyefaa zaidi pale, kwa maoni yangu, alikuwa Arch Manning, kotabeki wa pili mwenye mwili mkubwa, aliyekuwa ameingia kwa mchezo mmoja tu usiku ule, akakimbia na kupata jaribio jipya. Majaribio yote manne ya mlangoni alikuwa amesimama pembeni.